Maji ya Kwanza

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla ya lolote nakujulia hali, nikitumaini barua hii inakukuta umekaa kwenye kiti chako cha mikono, mguu juu ya stuli, na mtu amekuletea chai bila wewe kuiomba mara mbili. Kifundo kinaendeleaje? Uliandika kwamba uvimbe umeshuka tangu wifi aanze kukukanda, na hilo lilitufurahisha. Mgongo je? Na usingizi, bado unaamka kabla ya watu wote kisha unawaamsha wenzio wasije wakafaidi? Kaka mkubwa hajambo? Wifi hajambo? Watoto, kuanzia yule mwenye maneno mengi hadi yule anayetambaa, wote hawajambo? Nimewataja kwa ngazi, mkubwa kwanza na mdogo mwisho, kwa sababu hivyo ndivyo ulivyotufundisha, na uliwahi kunirudishia barua nzima nikiwa shuleni kwa kosa la kuuliza habari za paka kabla ya habari za bibi. Kuhusu macho yako, ambayo umeyataja mwishoni mwa barua yako, nimesoma. Nitayafikia. Kila neno kwa zamu yake.

Sisi huku tunaendelea. Mimi bado niko chumba cha pasi, mashuka ya hospitali asubuhi, ya nyumba za wageni mchana, na anayetaka kuwajua binadamu asihangaike na vitabu, aje apige pasi mashuka yao. Mama hajambo kwa kiasi chake. Naye nitamfikia.

Najua barua hii utaisoma kidogo kidogo kama kawaida yako: ukishanawa uso asubuhi unafuta miwani kwa pindo la shati, unasoma ukurasa mmoja, unaukunja, unasema utamu haumalizwi kwa pupa. Zamani tulikuwa tunakuchungulia mlangoni tukikuomba usome upesi utuambie kama shangazi amejifungua. Ulitujibu kwamba kama amejifungua amejifungua, na sisi kujua mapema hakutamsaidia kusukuma. Basi soma polepole vivyo hivyo. Nimekujazia kurasa za kutosha.

Barua yako nilimsomea mama tukiwa tumekaa mlangoni, yeye akichambua maharage kwa vidole. Alisikiliza vizuri, kichwa kimeinama upande. Tulipofika mahali ulipoandika kwamba umemsamehe, akaniomba nirudie. Nikarudia. Akaniomba tena. Nilidhani hajasikia, kumbe alikuwa anafurahia.

Umeomba tukupe habari za tangi na kwamba nimwambie bosi aupake rangi upya ule ubao wenye jina lako. Umeomba pia mama afungashe aje kukaa nawe, maana ukaidi una mwisho wake na wifi hajui chai yako. Halafu umeomba dawa ya macho. Nitajibu yote.

Nianze na tangi lako la kuchuja maji ya kufulia ili yatumike tena, maana sote tunajua ndilo kifungua mimba wako, hata kama cheti cha kuzaliwa anacho kaka mkubwa.

Tangi halipo.

Najua ungekuwa hapa ungeniambia nisirukie mambo, nieleze kutoka mwanzo. Naeleza. Hospitali zilianza kumuuliza bosi maswali kuhusu maji tunayofulia mashuka yao, na bosi akiulizwa maswali huwa anaajiri mtu wa kuyajibu. Akamleta Mkemia. Ni mdada mfupi, koti lake jeupe linamfika kwenye vifundo, na sisi wa pasi tukampa jina la Pazia kabla hajamaliza kusalimia. Chumba alichopewa kinapakana na chetu, ukuta wenyewe ni mbao, na wewe hukuniita Mdadisi bure. Wiki ya kwanza nilimsikiliza kupitia ufa. Ya pili nikaona ni aibu kwa mtu mzima, nikaanza kumpelekea chai na kumsikiliza nikiwa nimesimama mbele yake.

Alianza kwa kukusifu. Naliandika hili bila kulipunguza kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Alichota kutoka tangini chembe zako nyeupe kiganjani, zile ambazo watu wengi wanazijua kwa vile vipakiti vya kwenye maboksi ya viatu, akaniambia inaitwa silika, na kwamba kila chembe ina vitundu, na ndani ya vitundu mna vitundu vingine, hata kuta za ndani za konzi moja zikikunjuliwa zinaweza kufunika uwanja wetu na wa jirani na nyingine zikabaki. Nikamwambia basi hivyo ni vyumba vingi vya kupanga. Akacheka, akasema ndiyo, na mpangaji ni dawa ya mwisho, ile tunayosuuzia mashuka ya hospitali ili vijidudu vife na kitambaa kilainike.

Dawa hiyo, kwa maelezo yake, ni ya ukoo wa sabuni. Kila kipande chake, kidogo kiasi cha kutoonekana, kina kichwa na mkia. Kichwa kinaupenda ukuta wa chembe. Mkia hautaki kabisa kuonana na maji. Basi wanaingia kwenye vitundu, vichwa ukutani, mikia nje. Wanafuata wengine na kushikana nao mikia kwa mikia, inakuwa safu ya pili. Tatizo ni kwamba vichwa vyote ni vya tabia moja na vinasukumana, kama sisi wanao kwenye kile kitanda cha chuma. Wakisukumana, wanaopata nafasi ni wachache, na waliobaki wanapita na maji. Hao ndio lile povu lililowashinda mafundi waliotuletea tangi, wakaondoka wakisema tutazoea.

Wewe hukuzoea. Ulimwaga bakuli la chumvi ya mawe, na ilipofika mchana povu likafa. Mkemia ameeleza kwa nini: chumvi iliyeyuka ikaingia katikati ya vichwa vile ikavituliza, vikakubali kukaa bega kwa bega, na chembe zikashika dawa nyingi kuliko zilivyowahi kushika. Alisema aliyefanya hivyo hakuwa mjinga. Nilikuwa na fahari, baba. Nilirudi kwenye pasi nikanyoosha shuka moja mara mbili.

Jioni nikamsimulia mama. Akacheka, akasema hiyo si dawa, hiyo ni nyumba yetu. Kisha akauliza, akiendelea na kazi yake ya mikono: sasa ile chumvi iliyokuwa inakaa katikati yenu msiumane, ikiondolewa inakuwaje? Nikamwambia sijui, nitauliza.

Kesho yake nikauliza. Mkemia akaweka kalamu chini. Akataka kujua tangi linaoshwa vipi.

Nikamweleza Jumapili yako. Nilieleza vizuri, ungenipa maksi. Kwamba siku sita tangi linafanya kazi na maji ya chumvi, na ya saba, mashine zikiwa zimezimwa, unafunga njia ya kiwandani na kufungulia maji matamu kutoka bomba kuu yapite kwenye chembe, ili, kwa maneno yako, zipumue. Kwamba ulikataa maji hayo yamwagwe mtaroni, maana yameingia matamu, yamepita kwenye chembe zinazosafisha, yatatokaje machafu. Kwamba ulivuta bomba hadi koki ya nyuma kwenye nyumba za wafanyakazi, na Jumapili ikawa siku ya foleni, ndoo hadi kwenye kona, watu wakisifu maji yako yalivyo laini mkononi. Kwamba ulipostaafu, mlinzi wa boila akaendelea vilevile bila kubadilisha hata bakuli. Na kwamba chupa yako ya soda, ile uliyojazia maji na kuitikisa kila siku ya kazi kuangalia povu, Jumapili ilikuwa inapumzika kama wewe. Maji ya Jumapili hukuwahi kuyatikisa hata mara moja. Kwa nini uyatikise, na wewe mwenyewe ndiye uliyeyafungulia?

Mkemia akangoja Jumapili. Akaja na koti lake, akatusimamisha sote kando, akakinga maji ya kwanza kwenye chupa yako hiyohiyo. Yalikuwa maangavu kama kioo. Akatikisa. Povu lilipanda hadi shingoni, likatoka nje, likamtiririka mkononi hadi kwenye kiwiko, na likakaa. Akakinga ndoo ya pili: nusu ya hapo. Tulipofika ndoo za nyuma, za wale waliozoea kulalamika kwamba wanaletewa masalio, povu lilikuwa kama mate ya mtoto anayeota meno.

Maelezo yake yalikuwa mafupi. Wiki nzima chumvi inawatuliza, nao wanajazana. Jumapili unaleta maji matamu, chumvi inajiondokea, vichwa vinaanza tena ugomvi wao, na ile safu ya nje inatoka kwa mkupuo. Dawa ya siku sita, ndani ya ndoo za mwanzo. Halafu akaniuliza hizo ndoo za mwanzo zilikuwa za nani.

Baba, nilijifanya nafikiri.

Sheria uliiweka mwenyewe. Mke wa fundi wa tangi anateka wa kwanza. Si kwa uchoyo, ulisema, bali ili watu waone kwamba Fundi Chumvi anayaamini maji yake kwa kuanzia nyumbani kwake. Mama alikuwa anapita mbele ya foleni nzima na ndoo yake, wenzie wanamsindikiza kwa macho. Yule jirani yetu tunayemwita Bega, kwa vile anavyopenya kwenye mistari, alikuwa anasema kwa sauti ya kusikika kwamba wengine wameolewa na wengine wameolewa na tangi. Mama alikuwa anaona haya. Aliwahi kukuomba umwache ateke katikati kama watu wengine. Ukamuuliza kama anataka kukuaibisha.

Nakumbuka mikono yake. Kwanza ilikuwa laini, na ulikuwa unawaonyesha wageni, mshike mkono mama watoto msikie maji yangu. Kisha ikaanza kuchubuka kama kiazi kilichochemshwa. Kisha ikawa na nyufa, akawa anakamua nguo huku ameuma meno. Alipokwambia maji yanamchoma, ulimjibu kwamba wanawake wote wa foleni wanatumia maji hayohayo na hakuna aliyechomwa. Kinachochoma wengine ni kazi. Hilo lilipendwa sana mtaani. Bega alilirudia mpaka likachakaa. Na siku ya Jumatano ukasimama pale kwenye tangi, ukakinga kikombe mbele ya majirani, ukakinywa chote na kukigeuza juu chini. Maji ya Jumatano, baba, yale yenye chumvi, dawa ikiwa bado imeshikwa kwenye chembe. Hayo hata Mkemia amesema hayana neno.

Sasa nikukumbushe Jumapili ile ya wageni, ingawa najua huisahau, umeisimulia sana. Bosi alikuja na wasimamizi wake kukuletea ubao: TANGI LA FUNDI CHUMVI, herufi za bluu. Mmekaa sebuleni, mnakula karanga. Mama alikuwa nyuma ananawa uso na maji ya kwanza ili aje akiwa safi mbele za watu. Akaja mbio, mkono mmoja juu ya jicho, anapapasa ukuta, anasema jicho, jicho linaungua. Nawe ukainua kidole, kwa upole kabisa, ukasema, mama watoto, watu wanasalimiwa kwanza.

Akasalimia. Mimi nilikuwa nimeshika mlango, niliona. Akaanza na bosi, akauliza hali, akaulizwa hali, akajibu nzuri. Akampa mkono mgeni wa pili, kisha wa tatu. Mmoja wao, mzee mwenye adabu zake, akamuuliza habari za watoto mmoja mmoja, na mama akajibu mmoja mmoja, machozi yanamdondokea kwenye kanga. Walipoisha wote ndipo ukamruhusu aseme shida yake, naye akasema hakuna neno, akarudi nyuma kuosha jicho. Kwa maji yaliyokuwa kwenye ndoo.

Wageni walikusifu. Bosi alisema mke kama huyo hapatikani siku hizi. Ulikuwa unaisimulia hadithi hiyo kila tulipopata mgeni mpya, na kila mara mama alikuwa anatabasamu mahali pa kutabasamu.

Ya baada ya hapo unayajua. Ulistaafu, ukabeba mifuko miwili ya chembe waliyokupa kuwa kumbukumbu, ukaenda kumfungulia kaka mkubwa chumba chake cha udobi katika nyumba ya wageni. Mama akakataa kukufuata. Uliwaambia watu ana kiburi cha mjini. Hukuuliza kwa nini, na yeye alishajifunza kutosema kitu kwa haraka.

Nilimpeleka hospitali. Daktari akamulika, akaita mwenzie, naye akamulika. Akasema kioo cha jicho kina makovu juu ya makovu, kama mlango uliokwanguliwa, na akauliza alimwagikiwa na nini. Mama akasema maji. Daktari akasema mama yangu, maji hayafanyi hivi. Mama akamjibu kwamba hata mume wake alimwambia hivyo hivyo.

Kwa hiyo ndiyo hali ya mama uliyoiuliza. Jicho la kulia limebaki na mwanga tu, anajua kama ni mchana. La kushoto anaona kama mtu anayeangalia kupitia mvuke wa pasi: anajua kuna mtu, hajui nani, mpaka aseme. Anapika, anafua kwa kupapasa, anachambua maharage kwa vidole na jiwe halimpiti. Usimwonee huruma, hapendi. Juzi nilimkosea kwa kumshika kiwiko, akaniambia nimwachie mkono wake, umeshashikwashikwa vya kutosha na wageni.

Mkemia aliandika aliyoyaona akampelekea bosi. Bosi akamwomba aiseme habari hiyo bila kutaja mtu, akakubali, maana kuna mtu gani wa kutaja, ni chumvi na maji. Chembe zikachimbwa kwa sepetu na tangi likakatwa kwa gesi, likauzwa chuma chakavu. Wapo waliosikitika. Mlinzi wa boila alisimama pembeni na bakuli lako mkononi kama mtu aliyefiwa akapewa chombo cha marehemu. Bosi mwenyewe alikuja nyumbani kumpa mama pole. Unajua alileta nini? Sabuni. Boksi zima, za kunukia. Mama akaipokea kwa mikono miwili, akamsalimia vizuri, akamuuliza habari za watoto wake mmoja mmoja, mpaka bosi akatoa kitambaa akajipangusa jasho.

Bega naye alikuja. Akasema, dada, na mimi miaka yote nilikuonea wivu bure. Mama akamwambia, si bure, mwenzangu, wewe ulikuwa wa pili. Bega akaangalia mikono yake. Amekwenda hospitali jana.

Kuhusu ubao wako, usiwe na wasiwasi, haukuuzwa na tangi. Mama aliuomba. Bosi aliona ni mapenzi ya mke kwa mume, akaagiza uletwe hadi mlangoni. Uko bafuni. Sakafu ya kule ina utelezi, na mtu asiyeona vizuri anahitaji kitu cha kukanyaga chenye kushika mguu. Nilitaka kuugeuza herufi ziwe chini, mama akasema hapana, niziache juu, rangi ile imevimbavimba na vidole vya miguu vinaisikia. Anajua akifika kwenye herufi ya kwanza ya jina lako basi ndoo iko mkono wa kushoto. Hauhitaji kupakwa upya.

La kufungasha nilimuuliza rasmi, kwa sababu umeuliza rasmi. Amesema haji. Ameongeza kwamba chai yako ni majani mengi, sukari kidogo, na kikombe kioshwe kwanza kwa maji ya moto, wifi aambiwe, si siri.

Sasa nimefika kwenye macho.

Umeandika hivi, nakunukuu ili usije ukasema nimeongeza: kwamba yanakuwasha, asubuhi yanatoa machozi, na taa ukiitazama unaiona imezungukwa na duara la rangi kama upinde wa mvua. Umesema labda ni vumbi la mji huo. Na juu yake, katika ukurasa wa mbele, umeandika kwa fahari jinsi ulivyomjengea kaka mkubwa pipa lake: chembe zako, chumvi yako, dawa ileile ya mwisho, na Jumapili unafungulia maji matamu chembe zipumue. Halafu ukaandika kwamba kwa kuwa mke hayupo wa kupewa heshima ya maji ya kwanza, unayachukua wewe. Unajaza ndoo yako, unaiweka kando ya kitanda, na ndiyo unayonawia uso wiki nzima, maana hakuna maji laini kama hayo.

Nilipolisoma hilo kwa sauti nilisimama, nikaanza kutafuta simu. Hupokei simu, najua, unasema habari isiyo na sahihi ni uvumi, lakini kaka mkubwa anapokea. Nikampata wifi. Nikamweleza yote, kwa pupa, bila hata kuuliza hali. Akaniambia nisihangaike na watoto: tangu wiki ya kwanza yule anayetambaa alipotoka vipele, yeye amekuwa anateka maji kwenye bomba la mtaa wa pili, na pipa wamemwachia mzee. Kaka mkubwa alijaribu kukugusia. Ulimwambia mtu ambaye hajawahi kulinda tangi asizungumze mambo ya tangi. Basi hajazungumza. Nikamwomba wifi amwage hiyo ndoo. Akasema, wifi yangu, ile ni heshima ya baba, mimi ni nani niimwage?

Nikamgeukia mama. Nikamwambia nitapanda gari leo, nifike kesho. Mama akasema nikae. Nikakaa. Akasema baba yako hapendi habari zinazokuja mbio. Mwandikie. Anza na salamu, mtaje kila mtu kwa ngazi yake, kisha habari za kazi, habari za majirani, usiruke kitu. La macho liweke mwisho, hata yeye aliliweka mwisho.

Nami nimefanya kama alivyosema. Nilipomaliza kila ukurasa nilimsomea, akaniongezea mambo niliyoyasahau. Lile la mzee mwenye adabu na watoto mmoja mmoja ni yeye aliyelikumbuka. Nilihesabu moyoni utakavyokuwa unaisoma hii barua, ukurasa wa asubuhi ya leo, ukurasa wa kesho, na kila asubuhi kabla ya kufuta miwani unainamia ndoo. Ningeweza kuandika mstari mmoja tu. Karatasi ilikuwepo na kalamu ilikuwa na wino.

Dawa ya macho haimo ndani ya bahasha. Daktari amesema haipo ya kufuta makovu, na kwa yasiyokomaa, dawa ni kuacha.

Msalimie kaka mkubwa, msalimie wifi kwa namna ya pekee, uwabusu watoto wote kuanzia mkubwa. Mlinzi wa boila anakusalimu, anauliza bakuli alihifadhi au alitupe. Bega anakusalimu, salamu zenyewe sitaziandika. Mama naye anakusalimu sana. Amekaa hapa ubavuni mwangu, ameniuliza kama nimefika kwenye jina langu, nikamwambia bado kidogo. Amesema basi nikuandikie kwamba watu wote wameshasalimiwa, na sasa unaweza kwenda kuosha macho, kwa maji ya bomba.

Ni mimi binti yako, mpiga pasi,

Mdadisi